Zege la maganda ya chikichi: mbona kipande kimoja kimekaza na kingine kinabomoka kwa kidole?

#1 Chepe_Mbili
Wakuu salama? Kuna jambo linanisumbua kichwa wiki mbili sasa. Nilitaka kujaribu zege la maganda ya chikichi, yale magumu yanayobaki kokwa ikishapasuliwa na kiini kutolewa. Nimeyaweka mahali pa kokoto zote, sikuchanganya na kokoto hata moja. Kipimo ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga, ndoo 4 za maganda. Nikamwaga vipande vitatu kwenye fomu za mbao.

Kipande A nilitumia maganda ya lundo la zamani, limekaa nje linanyeshewa mvua misimu kadhaa hadi yamekuwa meusi. Kipande B maganda mapya, yametoka kwenye mashine ya kupasulia juzi yake tu. Kipande C mapya yale yale ila niliyaosha kwa sabuni ya unga nikasuuza mara moja.

Leo siku ya 15. A ukigonga na nyundo linalia vizuri kabisa. B nikikwangua kwa kidole ganda linang'oka zima zima, linaacha shimo laini kama ndani ya kijiko. C lipo katikati, halibomoki ila lina vitundu vingi na juu limepata nyufa nyembamba kama nywele. Saruji mfuko mmoja, mchanga lundo moja, siku moja, nimekoroga mimi mwenyewe. Tofauti imetoka wapi?

#2 Kivuli_cha_Mwembe
Naweka kambi hapa, hili nalitafuta muda mrefu.

#3 Fundi_Boriti
Mafuta hayo mkuu, hakuna kingine. Ganda jipya lina utando wa mafuta, saruji haishiki penye mafuta. Si tunapaka oili kwenye mbao za fomu ili zege lisishike kwenye mbao? Wewe umezipaka kokoto zako zote oili halafu unauliza mbona hazishikani. Lundo la zamani mvua imeshalisafisha, ndo maana A limekaza. Uzi unaweza kufungwa.

#4 Nyundo_na_Timazi
Mimi nasema wazi, hilo si zege. Kokoto ni jiwe. Nimemwaga slabu miaka mingi na sijawahi kuona mtu anaweka takataka za shambani ndani ya kitu kitakachobeba watu. Leo maganda, kesho magunzi ya mahindi. Chepe_Mbili tumia hivyo vipande kuzuia mlango usifunguke na upepo.

#5 Chepe_Mbili
Hahaha A kwa kweli linafaa mlangoni, ila hata kulibeba ni raha, jepesi kuliko nilivyodhani.

#6 Kuba_la_Kale
@Nyundo_na_Timazi kwa heshima zote kaka, zege si lazima liwe na jiwe zito. Warumi walipojenga kuba la hekalu la Pantheon pale Roma, lilikamilika kwenye mwaka 126 hivi, kadiri walivyopanda juu walipunguza mawe mazito wakaweka mawe ya volkano yenye matundu, mepesi yanaelea majini. Kuba lina upana wa mita 43 na bado limesimama bila nondo hata moja. Zege jepesi ni jambo la zamani, tuulizane kama ganda la chikichi linafaa kuwa kokoto yake.

#7 Dada_Kyubu
Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kuponda kyubu maabara, yaani vipande vya mraba vya zege vya kupimia nguvu, kwa hiyo naomba nipunguze kasi ya Fundi_Boriti kidogo, uzi usifungwe kwanza.

Kitu cha kwanza kinachosumbua watu kwenye maganda haya ni maji. Kokoto ya graniti ukiiloweka siku nzima haifyonzi hata asilimia 1 ya uzito wake. Ganda la chikichi vipimo vingi vinaonyesha asilimia 21 hadi 33 kwa saa 24. Fanya hesabu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa kipimo chako cha 1:2:4 unahitaji lita 140 za maganda, hizo ni kama kilo 80. Asilimia 24 ya kilo 80 ni lita 19. Na mfuko huo mmoja wa saruji unahitaji lita 25 au zaidi kidogo ili ukorogeke vizuri. Kwa maneno mengine maganda makavu yana uwezo wa kunywa maji karibu sawa na ya saruji yenyewe! Si yote yataingia kabla zege halijashika, ila mengi yanaingia mapema, wakati wewe bado una chepe mkononi.

Sasa nikuulize Chepe_Mbili, maganda ya A yalikuwa mabichi au makavu ulipoyachota? Na B? Na maji ulipima au ulikadiria kwa macho?

#8 Chepe_Mbili
Daah. A yalikuwa na unyevu, mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku ile. C yalikuwa yametoka kuoshwa yanachuruzika. B makavu kabisa, yanalia kama njuga. Maji nilikadiria, na sasa nakumbuka B lilikuwa linakauka kwenye karai nikawa naongeza, nikaongeza tena, mwisho likawa uji.

#9 Dada_Kyubu
Basi hapo umebadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja. B lina mafuta NA lilikuwa kavu NA likaongezwa maji. Huwezi kujua aliyeua ni nani kati yao. Maganda yanatakiwa yalowekwe siku nzima, kisha yaanikwe kivulini mpaka uso wa nje ukauke lakini ndani yawe yameshiba. Hapo ndipo maji unayopima yanabaki kuwa ya saruji.

#10 Fundi_Boriti
Dada nakuheshimu ila ganda linang'oka na kuacha shimo LAINI. Maji yakizidi zege linakuwa unga unga, linamomonyoka kama biskuti. Hili lake shimo linang'aa. Hiyo ni dalili ya mafuta. Nimevua fomu maelfu najua uso wa zege lililogusa mafuta ukoje.

#11 Mshika_Flaski
Nimesoma kemia, naomba niongeze kwa Fundi_Boriti. Mafuta hayakai tu hapo kama rangi ya kuteleza. Saruji ikianza kuungana na maji inatoa chokaa nyingi, na mafuta ya zamani kidogo yana asidi zake za mafuta, vikikutana vinatengeneza sabuni ya kalsiamu. Hii si sabuni ya kufulia, haiyeyuki majini na inafukuza maji. Kwa hiyo pale ganda linapogusana na saruji panakuwa na ukanda mwembamba ambao maji hayafiki vizuri na saruji haikomai. Mimi naona shimo lake laini limeelezeka.

#12 Dada_Kyubu
Ingekuwa hivyo peke yake sawa. Lakini ganda la chikichi ni laini kwa asili yake hata likiwa safi kabisa, upande mmoja umebinuka upande mwingine umebonyea. Nimeponda kyubu za maganda yaliyooshwa na kulowekwa vizuri na bado ukitazama ndani unaona maganda yametoka mazima, shimo laini vile vile. Kwenye kokoto ya kawaida mpasuko unapita kwenye saruji kuzunguka jiwe lenye kona na mikwaruzo, huku unateleza tu kwenye mgongo wa ganda. Kwa hiyo shimo laini halithibitishi mafuta.

#13 Nyundo_na_Timazi
Si mnaona. Hata wa maabara anakiri halishiki. Narudia, jiwe.

#14 Dada_Kyubu
Sijasema halishiki kaka, nimesema linashika kwa udhaifu kuliko jiwe. Zege jepesi la kubeba mzigo kiwango kinachotajwa sana ni angalau megapaskali 17 (kipimo cha nguvu ya zege likipondwa) kwa siku 28. Maganda yakichanganywa vizuri hupata 20 na ushee. Wapo waliovuka 40 ila hao walitumia maganda ya zamani, wakayaponda yawe madogo, saruji nyingi na maji kidogo sana. Uzito wake unakuwa kilo 1,700 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo, la kawaida ni 2,400 hivi. Na Malaysia, jimbo la Sabah, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa chuo kikuu walijenga nyumba ndogo na kidaraja cha waenda kwa miguu cha kama mita 2 kwa zege hili hili ili walitazame likizeeka.

#15 Kibaraza_Chetu
Mimi si fundi wala si wa maabara, naleta yaliyonikuta. Tulimwaga kibaraza cha nyuma kwa maganda kwa sababu kokoto zilikuwa mbali na maganda yalikuwa bure. Alietumwagia alisema atabadilisha kokoto kwa maganda "kilo kwa kilo", akapima kwenye mizani kabisa, tukamwona makini. Aisee lile zege lilikuwa maganda matupu. Saruji ilikuwa inaonekana kwa mbali kama siagi kwenye mkate wa masikini. Miezi minne kikaanza kuchimbika penye mlango. Nilisikitika kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anakaa pale kuanika vitu vyake na mguu ulimteleza kwenye shimo. Alipona, ila tangu hapo nikisikia maganda moyo unaruka.

#16 Kuba_la_Kale
Pole sana kwa mama. Hapo kosa ni la mizani. Ganda lina uzito karibu nusu ya jiwe, ukichukua kilo 100 za maganda badala ya kilo 100 za kokoto unapata zaidi ya mara mbili ya ujazo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kokoto ina kilo 29 hivi, ikijaa maganda ni 11 au 12. Lazima ubadilishe ndoo kwa ndoo. Nadhani nusu ya watu wanaosema maganda hayafai walibadilisha kwa uzito.

#17 Chepe_Mbili
Mimi nilitumia ndoo kwa hiyo hilo halinihusu, ila pole sana dada, na asante kwa kutuonya.

#18 Kibaraza_Chetu
Asante. Ni kaka, si dada.

#19 Chepe_Mbili
Samahani kaka.

#20 Mpasua_Kokwa
Nimechelewa uzi. Mimi nimefanya kazi kwenye kinu kidogo cha mawese miaka, nipo upande wa kupasua kokwa, na nawaona wote mnazunguka bila kugusa kinachofanyika kule.

Kwanza maganda "mapya" hayatoki safi. Mashine ikipasua kokwa unapata mchanganyiko wa maganda, viini (kwetu kiini tunakiita mise) na nyuzi zilizobaki. Kutenganisha kuna njia mbili za watu wadogo. Ya kwanza kuchambua kwa mkono. Ya pili ndo nyingi, unakoroga udongo wa mfinyanzi kwenye pipa la maji mpaka yawe mazito kiasi, unamwaga mchanganyiko wako humo, viini vinaelea na maganda yanazama. Viini unaviosha vizuri kwa sababu ndivyo vinauzwa. Maganda? Nani anayaosha. Yanatupwa pembeni na udongo wake, yakikauka yana vumbi jembamba la mfinyanzi kila upande, hasa ndani kwenye bonde la ganda.

Chepe_Mbili, hayo mapya yako yalitenganishwa vipi? Kama ni kwa udongo basi kipande B hakikushika ganda, kimeshika udongo, na udongo ndio umebanduka. Lundo la zamani mvua imeshausuuza udongo wote.

#21 Fundi_Boriti
Hili sikuwaza. Mchanga wenye udongo tunaukataa kila siku kwa sababu hiyo hiyo.

#22 Chepe_Mbili
Mpasua_Kokwa umenigusa. Nimeenda kuangalia kiroba kilichobaki, nikachovya maganda kwenye glasi ya maji nikakoroga, maji yamekuwa ya chai ya maziwa. Juu yake pia kuna viduara vya mafuta vinaelea. Kwa hiyo vyote viwili vipo!! Na nimekuta vipande vya viini humo, si vichache.

#23 Mshika_Flaski
Hivyo vipande vya viini navyo si vya kupuuza. Kiini kina mafuta karibu nusu ya uzito wake na kina sukari pia. Sukari ndani ya saruji hata kidogo tu inachelewesha kushika. Ganda lenyewe lina lignini nyingi (ile inayofanya mti uwe mgumu), inafika karibu nusu yake, ndiyo maana halisumbui saruji kama vumbi la mbao linavyosumbua, lakini kiini ni habari nyingine. Huenda B bado halijakomaa tu. Lisubirini.

#24 Kivuli_cha_Mwembe
Kwa hiyo hadi sasa washtakiwa ni mafuta, maji, ulaini wa ganda, udongo na viini. Niliweka kambi nikidhani nitalala usiku mmoja.

#25 Bi_Mwagilia
Wa sita huyu hapa. Mlimwagilia? Hakuna hata mmoja ameuliza. Zege la maganda linasinyaa kuliko la kawaida na linaumia sana likikaushwa mapema. Chepe_Mbili hivyo vipande vilikaa wapi siku saba za kwanza?

#26 Chepe_Mbili
Shikamoo mama. A lilikuwa chini ya paa kwenye ukuta, B na C juani kwa sababu nafasi iliisha. Nilimwagilia siku tatu za mwanzo, asubuhi tu.

#27 Bi_Mwagilia
Marahaba mwanangu. Basi nywele za C umeshapata jibu, hilo ni jua. Lifunikwe na gunia bichi siku saba, ukiweza kumi na nne, siyo kurushiwa maji asubuhi kama maua. Maganda yaliyoshiba maji yanasaidia kidogo kwa ndani, yanarudisha maji polepole saruji ikiyahitaji, kwa hiyo A lilikuwa na kivuli na akiba ya ndani, B halikuwa na chochote.

#28 Dada_Kyubu
Nakubaliana na Bi_Mwagilia kuhusu nyufa. Vitundu vya C naona ni sabuni ya unga. Ukisuuza mara moja povu linabaki, ukikoroga linaingiza hewa, na kila tundu la hewa ni nguvu imepotea. Maji ya moto na sabuni vinatoa mafuta vizuri lakini usuuze mpaka maji yatoke bila povu, mara tatu nne.

#29 Nyundo_na_Timazi
Nimesoma yote, sijakimbia. Naomba mnijibu bila kunizunguka. 1, ganda ni mti, litaoza. 2, mchwa. 3, moto. 4, boriti ikipinda je? Mkinijibu haya nitanyamaza.

#30 Kuba_la_Kale
La kuoza nianze mimi. Lundo la A limekaa mvuani miaka na bado ni gumu, lile lignini ndilo linalolinda. Ndani ya saruji ni mahali pa chokaa kali, vijidudu vinavyoozesha havipapendi, na hewa ni kidogo. Mchwa nao hawatoboi saruji nzima kutafuta ganda. Ila zege likiwa bovu kama B ambalo ganda linang'oka kwa kidole, hapo sitakuahidi kitu.

#31 Dada_Kyubu
La 3 na 4 una haki kabisa kaka, na watu wanaolisifu zege hili hulikwepa. Moto: ganda linaanza kuungua na kuwa mkaa kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi, jiwe haliungui. Kwa hiyo mahali pa jiko la kuni au ukuta unaotakiwa kuzuia moto mimi nisingeliweka. Kupinda: ugumu wake dhidi ya kupinda ni mdogo, wengi wamepima gigapaskali 5 hadi 11 wakati zege la kawaida ni 25 hadi 30. Boriti ya maganda yenye nguvu sawa na ya jiwe itabonyea zaidi chini ya mzigo ule ule. Boriti zilizopimwa zilionyesha nyufa nyingi ndogo na kubonyea sana kabla ya kuvunjika, kwa hiyo zinatoa onyo, lakini mhandisi asiyejua atachora boriti kwa vipimo vya zege la jiwe na sakafu itatikisika.

#32 Nyundo_na_Timazi
Asante dada. Sasa tunaongea. Kwa hiyo kimoja kwangu, kimoja kwenu.

#33 Boila_Namba3
Mimi naona hata mkilitengeneza vizuri vipi hamtayapata maganda. Viwanda vikubwa vya mawese vinayachoma kwenye boila zao wenyewe, yanawaka vizuri sana. Indonesia na Malaysia, ambako ndiko kunatoka zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani, wanayasafirisha kwa meli kwenda Japan kuzalishia umeme. Kitu kinachonunuliwa kama kuni nani atakupa bure uzike kwenye zege?

#34 Kuba_la_Kale
Kwenye viwanda vikubwa sawa. Vinu vidogo visivyo na boila maganda yanalala pale pale, yanachomwa ovyo au kumwagwa barabarani kuziba matope.

#35 Boila_Namba3
Na saruji je? Dada_Kyubu amesema waliopata nguvu walitumia saruji nyingi. Vipimo vya maabara mara nyingi ni kilo 450 hadi 550 za saruji kwa mita ya ujazo, wakati 1:2:4 ya kawaida ni 300 na kidogo. Umeokoa jiwe umemaliza saruji, na saruji ndiyo ghali na ndiyo inayochafua hewa. Mnisaidie hapo faida iko wapi.

#36 Dada_Kyubu
Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya Nyundo. Faida ipo kwenye uzito, nguzo na msingi vinabeba kidogo, na kwenye joto. Ganda linazuia joto, zege lake limepimwa likipitisha joto karibu theluthi tu ya zege la kawaida. Wengine wanapunguza saruji kwa kuweka jivu la boila hizo hizo za mawese likisagwa laini. Lakini kwa mtu mwenye kokoto karibu, hesabu yako inasimama na sina cha kuipinga.

#37 Kibaraza_Chetu
La joto nathibitisha. Pamoja na mabaya yote ya kile kibaraza, mchana kwa ndani tulikuwa tunaona tofauti, na ukidondosha kikombe hakikuwa kinalia kama kwenye sakafu ya jiwe.

#38 Dada_Kyubu
Sawa sawa. Ukilipima kwa kugongwa gongwa, ganda linalishinda jiwe, linapokea kishindo bila kupondeka. Graniti inasagika zaidi kwenye kipimo hicho. Udhaifu hauko kwenye ganda lenyewe, uko pale linapokutana na saruji.

#39 Mgeni_wa_Vifuu
Samahani natoka kidogo nje ya mada, vifuu vya nazi navyo vinafaa? Ninavyo vingi.

#40 Bi_Mwagilia
Vinafaa kwa mtindo huo huo, uvivunje vidogo na uviloweke. Fungua uzi wako mwanangu tuje huko, hapa pameshajaa.

#41 Mpasua_Kokwa
Kabla hatujahama, kuna jambo jingine. Lile lundo la zamani huenda hata si michikichi ya aina moja na mapya. Ile ya zamani, dura, ganda lake ni nene milimita 2 hadi 8. Siku hizi wanapanda tenera, ganda milimita nusu hadi 4, nyama nyingi mafuta mengi. Ganda nene linavunjika vipande vyenye kona, jembamba linatoka kama vibakuli. Chepe_Mbili tuangalizie.

#42 Fundi_Boriti
Sasa hata mimi sijui nimshike nani. Ila mafuta sijayaachia.

#43 Dada_Kyubu
Chepe_Mbili kama una moyo wa kurudia, fanya hivi. Maganda mapya TU, ya kiroba kimoja, usiguse lundo. Chagua viini vyote utoe. Kisha: kipande cha 1 makavu bila kuosha. Cha 2 suuza kwa maji matupu mpaka udongo uishe lakini usitumie sabuni, kisha uloweke siku nzima. Cha 3 osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza sana, loweka siku nzima. Cha 4 kama cha 3 lakini uyaanike yakauke kabisa kabla ya kukoroga. Maji yote pima kwa chupa, sawa sawa kwa kila kimoja, hata kama kinakuwa kigumu kukoroga. Vyote chini ya gunia bichi. Cha 3 kikishinda cha 2 kwa mbali, Fundi_Boriti ana haki. Cha 4 kikianguka, ni mimi.

#44 Mpasua_Kokwa
Na mimi? Suuza ya maji matupu inatoa udongo, sawa, kwa hiyo cha 2 kikiwa kizuri ni udongo. Ila kimelowekwa pia. Unatupora dada, weka cha 5, yasuuzwe udongo halafu yakaushwe.

#45 Dada_Kyubu
Haki yako. Cha 5.

#46 Chepe_Mbili
Wakuu nimerudi. Nimevunja A na B kwa nyundo nikachambua juu ya gazeti. Mpasua_Kokwa, unene wa maganda ni ule ule, nimelinganisha kwa kucha na rula, yote kama milimita 2 hadi 3. Kwa hiyo dura na tenera siyo.

Ila nimeona kitu ambacho sikutegemea. Ndani ya A karibu yote ni vipande vidogo vyenye kona, hakuna kibakuli kizima. Nimekumbuka lile lundo lipo mahali ambapo trekta hupita na kugeuzia. Limekanyagwa miaka yote. Ndani ya B ni vibakuli, nusu ya kokwa nzima, na vile vilivyolala vimefunika, yaani mdomo chini, ndani yake kuna uwazi, saruji haikuingia. Vilivyolala mdomo juu vimejaa saruji vizuri na vingine hivyo sikuweza kuving'oa kwa kidole.

#47 Dada_Kyubu
Maji yanapanda juu zege likitulia, yanakutana na paa la kibakuli yanakwama hapo, yakikauka linabaki pango. Na ulisema B lilikuwa uji. Kwa hiyo kila lililolala kifudifudi lilikuwa na kidimbwi chake. Hili nimeliona kwenye kyubu na sikuwahi kulipa uzito.

#48 Fundi_Boriti
Lakini hayo ya mdomo juu yalikuwa na mafuta yale yale na yameshika??

#49 Chepe_Mbili
Yameshika. Baadhi. Mengine yalitoka.

#50 Nyundo_na_Timazi
Cha 6 basi. Yasioshwe, yasilowekwe, yapondwe tu kwa nyundo. Nyundo nitakuazima.